Ganda Moja Kati ya Hamsini

Kwa miaka thelathini na minane Ardith Tvedt alisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa katika mji mdogo wa Alder Fork, Montana, Marekani, akiwapimia dawa watu aliowajua kwa majina, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika. Alipostaafu, mazoea yale ya kupima hayakustaafu pamoja naye. Yalihamia katika chumba kidogo nyuma ya jiko lake, mahali ambapo mumewe, Lowell, mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, alikuwa amemfundisha kutengeneza risasi za bastola kwa mkono.

Lowell alipofariki, miaka sita iliyopita, alimwachia mkewe meza nzito, mashine ya kukandamizia, mizani, kibao chenye matundu hamsini ya kusimamishia maganda ya risasi, na masharti matatu. La kwanza, mlango ufungwe. La pili, anayetia baruti asiinuke kabla kibao hakijakamilika. Na akiinuka, basi baruti yote imwagwe kutoka katika maganda na kazi ianzwe upya. La tatu, kila ganda limulikwe ndani kwa tochi kabla halijazibwa. Ardith aliyashika masharti hayo kama mtu ashikavyo dini.

Risasi hizo hakuzitengeneza kwa ajili yake. Zilikuwa za mdogo wake, Clell Marden, mwanamume wa miaka sitini na sita, ambaye kila kiangazi alipeleka mlimani, kwa nyumbu saba wa mizigo, chakula na zana za watu wanaotengeneza njia za msituni. Clell alivaa bastola kiunoni. Watu walidhani ni kwa ajili ya dubu, naye aliwaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba kwa muda wa miaka ishirini hakumpiga dubu hata mmoja, lakini aliwapiga nyumbu wanne waliovunjika miguu mahali asipofika daktari wa wanyama. Kazi hiyo aliichukia, na kwa sababu aliichukia alitaka risasi asiyoitilia shaka.

Ndugu hao wawili walikuwa na ugomvi mmoja wa kudumu, nao ulihusu baruti. Lowell alikuwa amechagua ile nzito, laini kama mchanga wa mtoni, iwakayo upesi. Kiasi kidogo tu kwenye kitako cha ganda kilitosha, na kopo moja lilidumu sana. Ardith hakuibadilisha. Clell aliitaka ile nyingine, nyepesi, ya vipande bapa, ambayo hujaza ganda karibu lote.

"Dada, hiyo yako ni baruti ya bahili," alimwambia majira ya kuchipua, akimega mkate. "Shemeji, Mungu amrehemu, alikuwa akihesabu hata njegere za kwenye sahani."

"Na wewe ungejua kuhesabu, usingenunua nyumbu kiwete kwa bei ya farasi."

"Huyo nyumbu amepona. Lakini sikiliza. Yangu mtu akiitia mara mbili, inamwagika mezani, anaiona. Yako je?"

"Yangu haitiwi mara mbili."

"Nauliza tu."

"Nami nimekujibu. Kula."

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Ardith hakumjibu mdogo wake, kwa kuwa hakuulizwa. Tangu Oktoba jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu. Hakuhitaji mtu wa kumwambia kwamba ni mtoto wa jicho; alikuwa amewauzia wagonjwa wa macho matone yao nusu ya umri wake. Alinyamaza kwa kuogopa kunyang'anywa leseni ya gari na, zaidi ya hiyo, meza ile. Alisoma gazeti kwa jicho la kushoto, akajiambia kwamba wakati bado. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Tofauti ni kwamba hapa kifo kilikuwa kikimnyemelea mtu mwingine.

Siku moja ya Ijumaa, mwezi wa Juni, alikuwa amefika katikati ya kibao aliposikia mlango wa jikoni ukigongwa. Alikuwa Opal Reinke, jirani yake, mjane kama yeye, amesimama na kamba ya mbwa mkononi pasipo mbwa.

"Mwenzangu, nimetoka kwa daktari wa wanyama, kumlaza mbwa wangu usingizi wa mwisho," Opal alisema. "Miaka kumi na minne. Amenitazama mpaka mwisho. Sitaki kuingia nyumbani peke yangu."

Ardith alifunika kibao kwa kitambaa, akainuka. Angefanya nini? Aliteleka kahawa, akaketi na mwenzake karibu saa nzima, akasikia habari zote za mbwa yule tangu alipokuwa mtoto. Alipoirudia meza alifunua kitambaa, akaona safu aliyokuwa ameishia, au akadhani ameiona. Kumwaga baruti ya maganda zaidi ya ishirini na kuanza upya kulionekana kwake kuwa adhabu isiyo na kosa. Aliendelea. Alipomaliza aliyamulika maganda moja moja, na katika ukungu wa jicho lake la kulia, alilozoea kuchungulia nalo, yote yalifanana: kivuli chini, kivuli chini, kivuli chini. Akayaziba. Clell alipita kabla ya chakula cha jioni, akalichukua boksi, akambusu dada yake shavuni, akaondoka. Kwa hiyo Ijumaa hiyo baruti iliyobaki haikupimwa.

Aliipima Jumamosi asubuhi. Ilikuwa desturi yake kuandika katika daftari uzito wa baruti kabla ya kazi na baada ya kazi, na kilichopungua kilipaswa kulingana na vipimo hamsini. Mara hii kilikuwa vipimo hamsini na kimoja. Akapima mara ya pili. Akasafisha kisahani cha mizani, akapima mara ya tatu.

Alitafuta juu ya karatasi nyeupe iliyotandikwa mezani. Alikung'uta kile kitambaa. Alipiga magoti, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, akaipitia sakafu kwa tochi na kwa viganja. Hapakuwa na hata punje moja.

Huenda kilimwagika, alijiambia, kikafagiliwa na upepo. Kisha akakumbuka neno ambalo bwana wake wa kwanza wa duka la dawa alilipenda kuliko salamu: kipimo kilichopotea hakijapotea, kimo ndani ya mtu. Katika bastola ile, ganda lenye kipimo maradufu cha baruti ile lingeweza kuipasua silinda na kuutawanya mkono wa Clell, mbele ya uso wa Clell. Naye Clell alikwisha kuondoka alfajiri, na huko alikokwenda simu hazishiki.

Alipitia duka la zana za uwindaji. Mwenye duka, mzee Farrell, alimwona akiingia, akaweka miwani yake juu ya paji la uso.

"Bibi Tvedt. Umepotea njia?"

"Nipe boksi moja la risasi za bastola ya Clell."

"Za dukani? Wewe? Basi leo ng'ombe atapanda mti."

"Farrell, nipe boksi."

Mzee yule akalishusha boksi, akampa.

Aliendesha pikapu kilomita sitini za barabara ya changarawe, akilifumba jicho la kulia kwenye kona kwa kuwa lilimchanganya kuliko kumsaidia. Mwanzo wa njia ya mlimani alilikuta tela la nyumbu limesimama tupu. Akafunga viatu, akatia boksi katika mfuko, akaanza kupanda. Alijua kwamba mdogo wake huwanywesha wanyama kwenye kivuko cha kwanza, huko huko akala, akalala kidogo. Kwa mwendo wa wanyama ni saa moja. Kwake ilikuwa saa mbili na zaidi. Mara mbili alijikwaa kwenye mizizi ambayo jicho halikumwonyesha. Kila alipotua kupumua alisikiliza kama kuna mlio wa bastola, na kila asiposikia kitu alishukuru, akaendelea.

Clell alikuwa amekaa juu ya jiwe, kofia imemfunika macho.

"Dada," alisema, akiiinua kofia. "Umenifuata na soksi nilizosahau?"

"Toa risasi zote katika bastola."

Clell aliifungua silinda, akaziangusha risasi sita kiganjani. Ndipo Ardith alipomweleza: Opal, kitambaa, daftari, kipimo kimoja. Alieleza akiwa amesimama, kama mwanafunzi mbele ya darasa, wala hakukaa alipoonyeshwa jiwe.

"Pengine kilimwagika," alisema Clell.

"Hakikumwagika."

"Kuteleza si kuanguka, dada."

"Aliyeteleza ni mimi. Ambaye angeanguka ni wewe. Usinipake mafuta, Clell. Ndugu mwenye akili angenitukana."

"Sina pumzi ya kutukana. Wewe unayo? Umepanda mlima mzima."

Huko mlimani hawangeweza kulitambua lile ganda. Vichwa vya risasi Ardith aliviyeyushia mwenyewe jikoni, na uzito wake ulitofautiana kuliko kipimo chenyewe cha baruti. Kuzipima nzima nzima kungewadanganya. Hazikuwa na dawa ila kubomolewa zote. Clell alilitoa lile boksi katika mkoba wa tandiko. Ardith alinyoosha mkono apokee zile sita kando, lakini Clell alizimimina pamoja na nyingine ndani ya kofia, akaikoroga kofia kwa mkono mzima, kisha akazirudisha zote hamsini katika boksi bila mpango wowote, akampa dada yake. Akapokea zile za dukani, akaijaza silinda yake.

"Nenda polepole," alimwambia. "Kaa upande wa mlima, si upande wa bonde."

Jumapili Ardith hakwenda kanisani. Alifunga mlango, akachukua nyundo ya plastiki ya kubomolea risasi, ambayo hushika ganda ndani yake, na ukiigonga chini kichwa hung'oka. Kila ganda alilimwaga katika kisahani, akapima, akaandika. La kwanza lilikuwa sahihi, na la pili, na la kumi. La thelathini na nne lilikuwa na vipimo viwili kamili.

Aliiweka nyundo chini. Je, lilikuwa miongoni mwa zile sita? Hakujua, wala hangejua kamwe. Ndipo alipofahamu kwa nini mdogo wake aliikoroga ile kofia. Akaichukua tena nyundo, akazibomoa zilizobaki hadi ya hamsini, maana kupatikana kwa moja si ushahidi kwamba hakuna nyingine.

Siku ya tisa Clell alirudi. Ardith alisimama barazani, akawahesabu nyumbu ndani ya tela. Walikuwa sita.

"Nani?"

"Hazel. Mguu wa mbele, kwenye mawe."

"Ulitumia ngapi?"

"Moja."

Wakaingia jikoni. Clell aliweka boksi la dukani mezani, na pengo moja lilionekana katika safu ya mwisho. Ardith alilifunika boksi.

"Lile ganda lilikuwemo," alisema. "Nimelipata."

"Najua. Ungelikosa, ungeniambia kabla sijashuka garini."

"Jumatano unipeleke kwa daktari wa macho. Siwezi kuendesha tena."

"Tangu lini?"

"Tangu Oktoba."

Clell alitazama mikono yake yote miwili, akaificha chini ya meza kana kwamba ingemwaibisha dada yake.

"Na kile chumba?" aliuliza.

"Baruti ya Lowell nimeimwaga bustanini, yote. Ukitaka risasi zangu tena, ununue ile yako. Mimi nitatia, wewe utamulika. Na hata daktari akilisafisha jicho, bado utamulika wewe."

"Vyema, dada."

Ardith alimimina kahawa vikombe viwili, akavuta kiti kilichokuwa mkabala naye.

"Sasa nieleze habari za Hazel," alisema.

Clell akaanza tangu asubuhi ile, pale mvua ilipokwisha na mawe yakawa bado yanateleza, naye dada yake akasikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.