Kilele cha Debe

Kila nikimkumbuka Cornelia, namwona ndani ya ukungu. Ukungu wa Ufipa mwezi wa sita si mchezo. Asubuhi unalala juu ya nyasi hadi ng'ombe wanaonekana migongo tu, na mtu akija barabarani inatangulia sauti, kisha kichwa, miguu baadaye. Cornelia alikuwa akija hivyo sokoni, njia ya Matai, debe kichwani na kijiti mkononi, na watu wanaanza kucheka kabla hajafika.

Hakuzaliwa na kijiti. Alikuwa diwani, tena diwani wa kusikika. Mimi nilikuwa jirani yake Chanji, na mara nyingi nilimsindikiza barazani akiwa na gauni lake la bluu, anatembea kama mtu anayesikia ngoma ya mbali. Miaka ile ghala la ushirika lilikuwa limefungwa, wanachama waliobaki ni panya. Serikali ikasema soko sasa ni huria, mwenye kutaka kununua anunue. Cornelia akasimama barazani akasema wafanyabiashara waje, tuwakaribishe kama wageni wetu. Nadhani neno hilo ndilo lililotuponza.

Maana kwetu mgeni hapimiwi kwa kufuta. Ukimpimia ulezi, unajaza chombo mpaka kilele kisimame na punje zianze kuteleza pembeni. Kukipangusa kikawa bapa mbele ya macho yake ni kumwambia umemchoka. Basi malori yakaja. Wanunuzi wakashuka na madebe yao, mengine yamegongwa kitako kwa nyundo hadi yamevimba, na mama zetu wakayajaza, wakayasimamishia kilele kwa mikono yao wenyewe, huku wanatabasamu! Nafaka ikateremka Kasanga ikapanda boti za kwenda Kongo. Watu waliuza madebe yaleyale ya kila mwaka, lakini mvua hazijaisha, vihenge vya nyumbani vikawa vitupu.

Uchaguzi wa vyama vingi ulipofika, Cornelia akaanguka. Mpanda ngazi hushuka, watu walisema, na hawakusema kwa huzuni. Masika yote alikaa dirishani akitazama mvua. Siku moja akaniita, macho yake yako mbali.

"Nimeota," akasema. "Vile vilele vya madebe vimeamka usiku, vimeshikana mikono, vinateremka Kasanga. Vilima vidogo vidogo, safu nzima, wala havigeuki nyuma. Na mimi ndiye niliyevifungulia mlango."

Mavuno yaliyofuata akatokea sokoni na debe lisilogongwa, aliloliomba parokiani, na kijiti kilichonyooka cha kufutia.

"Jaza, futa," aliwaambia wakulima. "Kilele kirudi kwako."

Walimwita Mheshimiwa Mchoyo. Kwenye arusi moja wanawake walimpakulia maharage, wakayasawazisha kwa mwiko mbele yake hadi yakawa bapa kama meza. Ukumbi mzima ulicheka, naye akacheka. Njiani tulipokuwa wawili tu, akalia, na mimi nilichukia sana, kwa sababu mtu ukimfanyia vile Ufipa umemtoa katika watu.

Lakini kilichomkata maini ni mama yake, Bi Silvana, mkulima wa ulezi, ambaye aliendelea kuwajazia wanunuzi na kilele juu. "Sikukulea kwa kufuta, mwanangu," alimwambia. Cornelia akaondoka, akaja kwangu. Mimi ndiye aliyeniuliza: "Kama mama yangu hafuti, nani atafuta?" Akasema atajaribu msimu mmoja tu wa mavuno, kisha kijiti atakitia jikoni kiwe kuni.

Mavuno hayo yalikuwa na ukungu kuliko yote. Bi Silvana alifika na ulezi wake kwa mnunuzi mmoja, kijana aitwaye Loth, aliyekuja kila mwaka na lori lake. Cornelia alisimama nyuma ya mama yake, kijiti mkononi, umande kwenye nyusi. Mama akajaza debe, kilele kikasimama. Loth akaligonga kwa kiatu, kilele kikazama.

"Ongeza kidogo, bibi. Biashara haigombi."

Akaongeza. Loth akagonga tena.

"Baba, unatoka wapi?" Bi Silvana akauliza.

"Mbeya, bibi."

"Mwaka jana nilikukaribisha ugali. Ulikula?"

"Lori halingoji, bibi."

"Na mwaka juzi?"

Loth akacheka kidogo, akatazama lori. Bibi naye akalitazama, muda mrefu, kama anayesoma kitu kwenye ukungu.

"Basi wewe si mgeni," akasema taratibu. "Mgeni hula."

Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Cornelia, lete kijiti."

Bi Silvana alifuta mara moja, kilele kikamwagikia kwenye kanga yake. Loth akaurudisha mguu wake nyuma. Bibi akamgeukia binti yake.

"Kinga mikono, mwanangu. Umesimama kwenye baridi hii siku nyingi, na hakuna aliyekukaribisha."

Cornelia akakinga, mama akammiminia kutoka kwenye kanga. Ulezi ukajaa viganjani, ukasimama kilele, ukaanza kuteleza pembeni.