Nyungu ya Komanda

Udongo wa bondeni ukilowa hutoa harufu ya chuma na majani yaliyooza. Nikiinusa, hata leo hasira inanipanda upya, na siombi radhi kwa hilo.

Wakati wa vita mama yangu alikuwa akifinyanga nyungu nyumbani kwetu Mususa, pale Butembo. Asubuhi moja askari waliingia uani kutafuta kasiksi, pombe ya ndizi. Hawakuikuta. Komanda wao akazipiga teke nyungu zote, moja moja, huku anacheka. Ya mwisho ilikuwa ya marehemu koko, mama yake mama. Mama hakulia. Aliokota vigae akavifungia kikapuni.

Juma lililofuata mutu yule yule akarudi bila haya. Alitaka nyungu kubwa ya kupikia kikosi chake maharagwe.

"Mama, ufanye ya muzuri, na mapambo."

"Ndiyo, Komanda. Itakuwa ya muzuri sana."

Nilimkasirikia mama mpaka nikakataa kula. Aliulainisha udongo kama unga wa muhogo, akaviringisha kamba iliyosokotwa shingoni mwa nyungu ili iache alama, akachora tumbo lake lote kwa ncha ya kijiti. Sijawahi kuona nyungu nzuri vile. Nikasema moyoni, mama amekuwa mwoga.

Komanda akaichukua, na siku ya kwanza motoni ikapasuka. Maharagwe yakazima moto, kikosi kikalala njaa. Komanda alipokuja nilijificha nyuma ya kuni, nikijua watatuua.

"Nyungu inajua mutu mwenye alivunja ndugu zake," mama akamwambia polepole. "Lakini mimi nifanye nini, Komanda?"

Yule mwanaume akarudi nyuma hatua kwa hatua, macho yamemtoka. Hakukanyaga kwetu tena, nami nikatembea kifua mbele, nikiamini koko ametulipia kisasi.

Nilipoanza kufinyanga mwenyewe ndipo nikaelewa. Nyungu ya kupikia huchanganywa na vigae vilivyosagwa, la sivyo moto unaipasua. Lakini vigae vinakwaruza, mapambo hayatoki vizuri. Udongo laini ni wa nyungu za maji. Mama alimpa ya maji, akaipamba mpaka mutu asiwaze kuuliza.

Padri alitufundisha kusamehe, na mama aliitikia Amina kwa sauti. Ila sasa najua kwa nini ile nyungu moja ilimchukua juma zima. Hakuwa anaogopa. Alikuwa anaona raha.