Gunia Kwenye Dirisha la Jiko

Kazi yangu ni moshi. Ukichoma miti ya pamba, hutoka gesi usizoziona. Zikipoa hewani hubadilika, hushikamana, zikawa chembe ndogo mno zinazoingia hadi ndani ya mapafu. Mimi hukaa ofisini naunda modeli ya kompyuta ya kukadiria ni gesi kiasi gani itageuka chembe.

Lakini modeli bila vipimo ni porojo. Basi baada ya mavuno nilibeba kifaa changu cha kupimia moshi hadi kwa mama, kule Mhunze. Kwetu kuni ni za shida; tunapikia miti ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Nikatundika kifaa jikoni, upepo ukavuruga kila kitu. Nikapandwa na hasira, nikaziba dirisha kwa gunia.

"Mama, ukipika funga na mlango. Usifungue mpaka nikwambie."

"Haya mwanangu, kama ndiyo kazi yako."

Siku tatu alipika humo huku machozi yakimtoka. Mimi niko nje kwenye hewa safi, nasoma namba kwenye simu, nafurahi kama mjinga. Nikachukua kifaa changu, nikaaga.

Modeli ikakubaliana na vipimo. Nilikuwa nimeiwekea joto, unyevu, hata gesi inayonata kwenye kuta za udongo. Ofisini wakanisifu, nikavimba kichwa.

Kila nikipiga simu mama alikohoa. "Vumbi tu la kiangazi," alisema. Na mimi, mtaalamu mzima, nikakubali! Mvua zilipoanza na kikohozi kiko palepale, nikafunga safari. Nilikuta mlango wa jiko umefungwa. Gunia bado liko dirishani, limekuwa jeusi tii. Nikausukuma mlango.

"Funga, utaharibu kazi!" mama akasema, akashikwa na kikohozi.

"Kazi gani, mama? Kifaa si nilikichukua?"

"Nilidhani umeacha kingine. Mambo ya kompyuta mimi nayajulia wapi? Hukuniambia nifungue."

Jamani! Akili yangu ilikuwa wapi? Nikalichana lile gunia kwa mikono, nikampeleka hospitali siku hiyohiyo.

Daktari aliuliza kwa nini anapikia kwenye chumba kilichozibwa. Mama akanitazama, kisha akamgeukia.

"Ni ujinga wangu tu, daktari. Mazoea ya kizee."

Daktari akaanza kumfokea kuhusu hatari ya moshi. Mama akainamisha kichwa, akaitikia ndiyo, ndiyo. Nami nilikaa pembeni yake, nikanyamaza.