Kikombe cha Bariamu

Naftali alikuwa mlinzi katika uwanja wa mpira wa Wembley, mzaliwa wa Bungoma, mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi. Alipoanza kukonda, watu walimuuliza, naye akasingizia kazi. Ukweli ni kwamba chakula kilikuwa kikimkwama kifuani. Aliacha nyama, akaacha ugali, mwishowe akawa mtu wa uji na supu.

Aliyemsukuma kwenda hospitali ni bintiye, Natasha, mwanafunzi wa kidato cha juu. Jane, mama yake Natasha, alifariki binti akiwa mdogo, na tangu hapo wawili hao walikuwa wakitegemeana. Daktari akaagiza Naftali anywe bariamu huku akipigwa eksirei, ili njia ya chakula ionekane vizuri.

Siku ilipofika, wakiwa wamekaa kungoja, Natasha aliinua macho kutoka kwenye simu akamshika baba yake mkono.

"Baba, usinywe," alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Bariamu ni sumu. Inasimamisha moyo. Hata shuleni tulifundishwa."

Naftali alipoitwa ndani na kupewa kikombe cha maji mazito meupe, alikitazama tu. Akakirudisha mezani.

"Samahani, mama. Mwanangu anasema hii ni sumu, na hana mzazi mwingine ila mimi," alimwambia mpiga eksirei kwa Kiingereza.

Mpiga eksirei huyo alikuwa Surjit, mama wa Kisikh mwenye mvi. Aliisikia lafudhi, akamjibu kwa Kiswahili.

"Wewe ni wa Kenya? Mimi nilizaliwa Nakuru. Kiswahili changu kimeshika kutu, utanivumilia. Mwite binti aingie."

Natasha aliingia akiwa na wasiwasi kwamba atachekwa. Surjit hakumcheka.

"Umesema kweli, binti yangu. Bariamu ikiwa huru majini, inaua. Lakini chumvi zake si za aina moja. Kloridi ya bariamu huyeyuka upesi kama chumvi ya mezani. Inaachana kabisa, bariamu huku, kloridi kule, kila moja ni ioni, yaani chembe ndogo yenye chaji yake ya umeme. Hiyo ni sumu. Hii ya kikombeni ni salfeti ya bariamu, na humo bariamu na salfeti zimeshikana sana."

"Kwa hiyo haiyeyuki?" Naftali aliuliza.

"Inayeyuka, ila kidogo mno. Ioni chache zinabanduka kwenye unga huu mweupe uliomo kikombeni, bariamu yenye chaji chanya na salfeti yenye chaji hasi. Muda si mrefu maji yanakuwa yameshiba, hayapokei zaidi. Zinazobanduka na zinazorudi kwenye unga zinakuwa sawa. Bariamu iliyo huru haitoshi kukudhuru. Unga wenyewe unapita tu, utatoka chooni mweupe hivyo hivyo. Usije ukashtuka!"

Natasha aliangua kicheko, machozi yakimlengalenga. Kisha akasema kwa Kiswahili, kitu ambacho Naftali hakuwa amekisikia kwa muda mrefu, "Kunywa, Baba."

Akanywa. Ilikuwa na ladha ya chaki iliyotiwa sukari. Kwenye kioo cha mashine weupe ulionekana ukishuka, ukasita karibu na tumbo ambapo njia ilikuwa nyembamba kama uzi, kisha ukapenya.

Baadaye madaktari walimchungulia kwa kamera. Haikuwa saratani, jambo waliloliogopa. Lilikuwa kovu la kiungulia cha miaka mingi. Wakaipanua njia kwa puto dogo, na Naftali akarudi kula.

Alipopata siku ya mapumziko alipitia duka moja la mtaa wa Kenton lililouza bidhaa za Kenya, akanunua majani ya chai ya Kericho, akampelekea Surjit hospitalini, kwenye chumba cha chai cha wafanyakazi.

"Mama, ulikuwa na wagonjwa wengi wakingoja, na bado ulisimama kutueleza. Sina cha kukulipa. Asante."

Surjit alifungua pakiti palepale, akainusa akiwa amefumba macho.

"Kaa basi," alisema, akiwasha birika. "Hii hainywewi na mtu mmoja."