Kona ya Meza ya Mninga

Mimi ni mtu wa kiherehere, sikatai. Nikiona vumbi mahali, mkono unatangulia na akili inakuja baadaye ikihema. Labda ndiyo maana kazi ya kucha ilinifaa. Lakini kiherehere hichohicho kiliwahi kuniponza, na hadi leo nikifuta meza yangu asubuhi, kuna mahali nikifika nasimama kidogo.

Kazi nilifundishwa mtaa wa Rusimbi, barazani kwa mama mmoja Mrundi. Alivuka mpaka na mumewe miaka ile watu walipokuwa wanakimbia vita kwao. Ndugu zao, pamoja na mama yake mzazi, walipelekwa kambini, lakini mume alikuwa fundi seremala, akapata kazi mjini, wakapanga chumba. Akafa kwa homa kabla mimi sijawafahamu. Alimwachia mkewe meza ya mninga aliyomtengenezea kwa ajili ya wateja wake wa kucha. Ilikuwa ndogo, miguu imara, juu imepakwa vanishi hadi unaiona pua yako. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule nazurura tu, nikaenda nikamwamkia, nikamwomba anifundishe. Aliviangalia vidole vyangu kwa muda mrefu kuliko alivyoniangalia usoni, kisha akaniambia nije kesho yake.

Nilidhani nitaanza na rangi. Wapi! Mwezi mzima nilifundishwa meza. Asubuhi unaifuta kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo ya mawese, halafu unapitisha kikavu kabla maji hayajakaa. Juu yake unatandika kitambaa cheupe kilichokatwa kutoka shuka kuukuu, kimekunjwa mara mbili. Kila mteja na kitambaa chake. Akiondoka, kinaingia kwenye beseni la kufuliwa, hata kama hakikudondokewa na kitu. Chupa ya asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi, inakaa kwenye kisosi, haikai kwenye mbao, maana asetoni, alisema, inakula. Na jioni unaondoa kila kitu, unaifuta tena, unaiacha wazi mpaka asubuhi. Nilipomuuliza kwa nini tusiache kitambaa kikilala hapohapo tupunguze kazi, alisema kitu kinachofunikwa muda wote hakuna anayejua kinaumwa nini.

Wateja wetu walikuwa wa kila aina. Walikuja mabibi harusi wa Ujiji na mashangazi zao, wauza dagaa wenye vidole vilivyopasuka kwa chumvi, na akina mama wa Simbo ambao mawese yamewaingia kwenye kucha hadi rangi ya njano haitoki. Wote waliwekewa kitambaa cheupe. Siku moja mama mmoja wa shamba aliona haya, akarudisha mikono chini ya khanga, akasema atakichafua. Mwalimu wangu aliisubiri ile mikono mpaka ikarudi yenyewe. Baadaye aliniambia kwamba kambini, alikokuwa akienda kumwona mama yake, kwenye mstari wa chakula, mkono wako unavutwa tu, dole gumba linachovywa wino, unasukumwa mbele. Kwake, mkono wa mtu ulitandikiwa kwanza.

Kitambaa hicho kilifunika meza yote isipokuwa kona moja, kushoto mwa pale alipoketi mwalimu wangu. Pale, chini ya vanishi, palikuwa na tarakimu za penseli, safu mbili zilizojumlishwa, kama fundi alikuwa anapiga hesabu ya vipimo akasahau kufuta. Unanijua sasa. Siku ya pili tu nilikaza kitambaa nikaanza kusugua. Akanishika mkono.

“Hapo acha,” akasema.

Hakueleza, na mimi, mtu wa kuuliza hata yasiyonihusu, siku hiyo sikuuliza.

Tulifanya kazi pamoja karibu miaka miwili. Kisha habari zikaja kwamba kwao kumetulia, wakimbizi wanaandikishwa kurudi. Mama yake alikuwa mzee, hakuweza kusafiri peke yake, kwa hiyo ilibidi aende kambini waandikishwe pamoja wasije wakatenganishwa. Hakujua angesubiri huko wiki ngapi. Mizigo ilikuwa na kiasi chake, lakini alisema ataiombea meza nafasi kwenye lori, hata ikibidi aache godoro. Mimi niliachiwa baraza na wateja.

“Ifanyie kazi,” aliniambia akiwa ameshafunga khanga kiunoni kwa safari. “Lakini nitakuja kuichukua. Nataka niikute hivi ilivyo.”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilijibu harakaharaka, kama ninavyojibu kila kitu.

Wiki za kwanza nilifuata kila alichonifundisha. Kisha wateja wakaongezeka, vitambaa vya kufua vikawa mlima, na mimi nikajiona mjanja. Sokoni Mwanga nilikuta mpira wa meza, mzito, una maua mekundu makubwa, unafutika kwa mkupuo mmoja. Nikawaza, huu ndio ulinzi wenyewe, hata tone halipiti. Nikaukata ukafunika meza nzima, kona na yote, nikaubana chini kwa vibanio. Wateja waliusifu. Niliufuta mara kumi kwa siku, juu ulikuwa unang'aa. Sikuufunua hata jioni moja, miezi mitatu.

Kabla ya Idi, baraza lilijaa wanawake, mmoja akageuka kumjibu mwenzake, kiwiko kikapiga chupa ya asetoni. Nikaifuta juu upesi, tukacheka, tukaendelea. Nyingine ilikuwa imeshapenya pembeni, ikaingia chini ya mpira ikakaa hukohuko, na mimi juu yake nikiegemeza mikono ya watu.

Siku moja muuza dagaa aliyetoka upande wa kambi alinipa salamu: mwalimu wako anakuja Alhamisi na mwenye lori. Ilikuwa Jumatatu. Nikatoa vibanio ili niiandae meza, nikavuta mpira, haukuja. Nikavuta kwa nguvu ukaachia kwa sauti ya kuchanika. Jamani. Katikati ya meza maua yamehamia kwenye mbao, mekundu, yamevurugika na vanishi iliyoyeyuka. Nilikaa chini sakafuni. Nilisikia aibu hadi masikio yakawa ya moto, na hakuna aliyekuwa ananiona.

Nilijaribu sabuni. Nilijaribu mawese. Kisha, kwa akili zangu, nikajaribu asetoni, doa likatanuka. Jumanne asubuhi niliibeba meza kichwani hadi kwa fundi mmoja Kasingirima. Alikuwa mzee mtaratibu, Muha wa kwetu, anaitikia “ego”, yaani ndiyo, kwa kila unachosema hata kama hakubali. Akaipapasa, akasema doa liko katikati tu. Anaweza kukwangua hapo na kupaka vanishi upya, ila patabaki alama, mtu akiangalia atajua pametengenezwa. Au apige randa juu yote, iwe kama mpya. Nikamwambia apige juu yote.

Akaweka kidole kwenye kona. “Binti, hapa pana hesabu ya mtu.”

Nilizikumbuka zile tarakimu. Niliukumbuka mkono ulionishika. Lakini nilichokuwa nakiona mbele yangu ni uso wa yule mama akiona alama katikati ya meza yake, akijua kwamba sikumsikiliza. Nilitaka asijue. Basi.

“Pitisha tu,” nikasema. “Iwe safi yote.”

“Ego,” akasema fundi, akachukua randa.

Alhamisi ilinikuta nimefua kitambaa cheupe kipya, nimekitandika kama alivyonifundisha, meza chini yake inanukia vanishi. Alifika amekonda, viatu vina vumbi jekundu la kambini, lakini amechangamka, maana meza ilikuwa imekubaliwa. Lori lilikuwa linasubiri barabarani. Alinishika mabega, akaniuliza habari za mama yangu, za wateja, mmoja mmoja. Nilijibu nikiangalia kisosi. Kisha akaketi upande wake uleule, na kabla hajagusa kitu kingine chochote mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye kona, wenyewe, kama mtu anavyopapasa kitasa cha mlango wa nyumbani kwake.

Ukapapasa. Ukarudi ukapapasa tena. Akainama akaangalia.

Nilianza kumwaga maneno: mpira, maua, Idi, kiwiko, fundi. Niliyasema yote, hata ya fundi kuniuliza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yote miwili iko juu ya meza.

“Mume wangu alikuwa hajui kuandika,” akasema. “Majina hajui, barua hajui. Tarakimu tu, za kazi. Hizo ndizo zilizokuwa zimebaki.”

Nilishindwa kumtazama. Nikasema doa lilikuwa baya, mama, lilikuwa katikati, lilienea, nisingeweza kukupa meza yenye doa.

“Ungeniachia na maua yake,” akasema. “Ningecheka.”

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana, ningelia, angeninyamazisha, tungemaliza. Mwenye lori akapiga honi. Nikainuka nimsaidie kuibeba, akaniambia niiache. Nikasema mbona imekubaliwa, nafasi ipo. Aliipapasa mara moja pale katikati, palipokuwa laini kabisa, kazi nzuri ya yule fundi.

“Meza hata kule zipo,” akasema. “Hii ifanyie kazi.”

Alichukua kitambaa cheupe tu, akakikunja mara mbili, akakiweka kwapani. Mahali pa meza kwenye lori nilisikia alimpa mwenzake mwenye baiskeli. Kama alifika, na kama kule alipata baraza, sikuwahi kujua.

Nimeifanyia kazi meza hiyo miaka mingi, na mabinti niliowafundisha wananiona msumbufu. Mpira hauingii kwangu. Kila mteja na kitambaa chake, jioni meza inabaki wazi, na nikimaliza kuifuta naiinamia niiangalie. Vanishi ya fundi imeshachoka, ina mikwaruzo, ina tone la rangi ya zambarau ambalo lilinipita, nami nimeliacha. Kitambaa nakitandika kinafunika yote isipokuwa kona ya kushoto. Wateja huuliza kuna nini hapo, mbona hapafunikwi, na pako wazi tu, mbao tupu. Nawaambia palikuwa na maandishi ya mtu, nikayafuta mimi.