Muuaji wa Jumapili ya Mfungo

Wiki nzima baada ya barua ya mchapishaji kufika nililala kwa muda wa saa tatu au nne tu kila usiku, nikijiuliza swali moja: mtu akichukuliwa siri yake, ikatiwa ndani ya hadithi ya kubuni na kupewa mhusika mwenye jina jingine, ameibiwa au hajaibiwa? Nilikuwa na majibu kama kumi na moja. Kukikucha nilikuwa nayo yote bado, na hakuna lililoyashinda mengine.

Barua ilitoka Dar es Salaam. Mhariri alisema wangependa kuichapisha riwaya yangu ya upelelezi, ila nisahihishe mambo madogo madogo, na nirefushe sehemu inayoeleza sababu ya mauaji, maana hapo ndipo yeye binafsi aliposahau chai yake ikapoa. Katika kitabu kizima, sababu ya mauaji ndiyo kitu pekee ambacho sikukibuni.

Tulikuwa tukiishi Peckham, mimi na mama. Mama ni muuguzi, mtu wa Mwanza, na mimi nilikuja naye London nikiwa na miaka tisa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa Wamormoni tangu siku vijana wawili wenye mashati meupe walipogonga mlango wetu mvua ikinyesha. Mama aliwakaribisha kwa sababu ya mvua, akawapa wali, wakala, halafu wakaosha vyombo bila kuombwa. Alisema dini inayowafundisha wavulana kuosha vyombo itabidi aisikilize mpaka mwisho.

Kanisa letu lilikuwa dogo, na kila mtu alikuwa na kazi. Askofu wetu alikuwa fundi bomba siku za wiki. Mwalimu wangu wa Jumapili aliendesha basi. Kila mama alipangiwa mama wengine wa kuwatembelea kila mwezi, kuwajulia hali na kuomba pamoja. Mama yangu alipangiwa Mkongo mmoja wa Bukavu, mama wa watoto wawili, msafishaji wa ofisi, ambaye mimi nilimwita mama mdogo. Kwa kuwa lifti ya jengo lao ilikuwa mbovu na mama hakuweza kupanda ngazi za ghorofa sita kwa magoti yake, mama mdogo ndiye aliyekuja kwetu kutembelewa. Kwenye fomu mama aliandika kwamba amemtembelea. Wote wawili hawakuona tatizo.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ilikuwa ya mfungo. Hatukula wala kunywa tangu jana yake, na kila mtu alifunga kwa ajili ya jambo fulani: mgonjwa, kazi, mtihani. Siku hiyo hapakuwa na mahubiri. Yeyote aliyetaka alikwenda mbele na kutoa ushuhuda wake. Mama mdogo alikwenda kila mwezi. Alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba amefunga kwa ajili ya mume wake aliye Kongo, kwamba karatasi zake bado zinashughulikiwa, na kwamba anajua Mungu atamleta. Watu waliitikia amina. Nadhani nusu ya kanisa walikuwa wakimfungia mtu huyo ambaye hatukuwahi kumwona.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni nilimsikia akimwambia mama jambo jingine kuhusu mume huyo. Walikuwa sebuleni, nami jikoni nikikaanga maandazi, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba. "Iko na bibi mwingine kule," alisema, na bibi kwa Kiswahili chao ni mke. "Sasa miaka tatu. Lakini nikiacha kusema pale mbele, batu wataniuliza, na watoto watajua." Mama akasema, "Basi tuombe." Hakunigusia jambo hilo hata siku moja.

Nilipomaliza chuo, na shahada ya historia ambayo hakuna aliyeihitaji, nikapata kazi ya muda ya kufungua bahasha katika ofisi moja ya bima. Mchana nilikuwa nafungua barua za watu, jioni naandika. Riwaya yangu ilianza na mpiga kinanda wa kanisa, bibi wa Kiingereza, aliyekutwa amekufa chini ya ngazi Jumapili ya mfungo, na kando yake kipande cha chapati. Askofu alidhani ameteleza. Katibu wa chama cha akina mama pekee ndiye aliyeuliza: ni nani huyu aliyekuja na chapati siku ambayo hakuna anayekula? Jibu lilikuwa mwanamke wa Kongo aliyeacha kufunga kwa siri, kwa sababu alijua kwamba mume aliyekuwa akimfungia ameshaoa. Mpiga kinanda alimkuta anakula, akamuuliza sababu, wakavutana ngazini.

Niliandika kwa Kiswahili nikijiambia kwamba hakuna atakayekisoma kanisani. Ukweli ni kwamba walikuwepo watu watatu wa kukisoma: mimi, mama, na mama mdogo.

Mama nilimwambia kuhusu barua, sikumwambia kilichomo kitabuni. Alinitazama nikizungusha chakula kwenye sahani.

"Wewe mtoto, watu wakipata barua kama hiyo wanacheka."

"Nacheka, mama."

"Unacheka kama mtu anayeng'olewa jino. Kuna nini?"

"Kuna mtu anaweza kujiona humo ndani."

"Basi mpelekee ajione kabla dunia haijamwona," akasema, akaenda kuvaa sare zake za kazi. Sijui hadi leo kama alikwisha kubaini ni nani.

Jumamosi nikaenda. Nilipanda ghorofa sita nikipanga maneno, na kila ghorofa niliyabadilisha. Mama mdogo alinifungulia akiwa na kitana mkononi. Binti yake, wa miaka kumi na minne, alikuwa amekaa sakafuni nusu ya kichwa kimesukwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Ah, na shikamoo yenu ya Tanzania! Ingia, ingia. Mama yako iko muzima?"

Nilisema mzima. Nilisema pia mambo ya hali ya hewa, ya mabasi, na ya lifti. Mwishowe nikasema nimeandika kitabu na ningependa kumsomea sura moja, ile inayomfichua muuaji. Alifurahi sana. Alimwambia binti yake aende chumbani, nywele watamalizia baadaye, na binti akajibu kwa Kiingereza kwamba hawezi kukaa na nusu kichwa kama mwendawazimu, lakini akaenda.

Nikasoma. Kwenye maiti alipiga makofi. Kwenye chapati alicheka mpaka akafuta macho. "Muntu anakufa juu ya chapati! Huyu muuaji iko Mukongo kweli? Mukongo angekuja na fufu."

Nikaendelea. Nilipofika kwenye mume aliyeoa, kicheko kilikwisha. Sikuthubutu kunyanyua macho, kwa hiyo nilisoma mpaka chini ya ukurasa, nikakomea hapo.

"Mama yako ndiye alikuambia?"

"Hapana. Nilikuwa jikoni. Nilisikia."

"Yeye anajua ulisikia?"

"Hajui."

Alishusha pumzi, na nikaona kwamba hilo lilikuwa muhimu kwake kuliko kitabu. Kisha akatazama mlango wa chumba.

"Ule anasikia Kiswahili chote," alisema kwa sauti ya chini. "Anajibu tu kwa Kiingereza. Batu wanafikiri hasikii."

Nilimwambia sitakipeleka kama hataki. Nilisema pia kwamba ninaweza kumfanya muuaji awe wa nchi nyingine, au mwanamume, au mjane. Niliongea sana. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtu wa simu za mauzo.

"Buku ni yako," alisema mwishowe. "Weye ndiye ulisoma shule. Mi siwezi kukuambia uandike nini." Akamwita binti yake arudi kusukwa. Hakunifukuza. Alinipa hata soda. Nikainywa yote haraka, nikashuka ngazi.

Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba amenipa ruhusa. Maneno yake, ukiyaandika kwenye karatasi, yalikuwa ruhusa. Kwa siku nane nikajaribu kumbadilisha muuaji. Nilimfanya Mzambia, nikamfanya mwanamume, nikamfanya anafungia mtoto badala ya mume. Kila mara kitabu kilibomoka, kwa sababu chapati haikuwa na maana bila mtu aliyepoteza tumaini na kulificha pengo hilo mbele ya kanisa zima. Nikiirudisha sababu ile, alirudi yeye, na vazi lolote nililomvika halikumtosha.

Kisha ikaja Jumapili ya kwanza ya mwezi. Watu walikwenda mbele mmoja mmoja: dereva wa basi, msichana aliyepata kazi, mzee mmoja aliyeshukuru kwa goti jipya. Halafu pakawa kimya. Ulikuwa ule wakati ambao mama mdogo husimama kila mwezi, na kila mtu aliujua. Mama wawili walio mbele yetu waligeuza vichwa na kumtabasamia, kumpa moyo. Askofu naye alimtazama. Mama mdogo alikuwa ameketi na mikono mapajani, anaangalia kitabu cha nyimbo kilichofungwa. Binti yake alikuwa anamwangalia yeye, wala hakuonekana kushangaa.

Hakusimama. Baada ya dakika ndefu askofu akafunga mkutano.

Mlangoni walimzunguka. Hujambo dada? Unaumwa? Kuna habari yoyote ya mumeo? Alisema amechoka tu, kazi nyingi. Alipopita karibu nami alimsalimia mama kwa kumkumbatia, na mimi akanipa mkono, mkono wa kawaida, kama anavyompa mgeni. Nilisimama pale yanapotundikwa makoti nikaelewa nilichofanya. Ule ushuhuda ulikuwa ukuta wake, nami nilikwenda nyumbani kwake nikamsomea jinsi unavyoonekana kwa nyuma. Hata kama kitabu kisingechapishwa kamwe, hangeweza tena kusimama pale na kuyasema yale mimi nikiwa nimekaa safu ya nne. Hilo sikuweza kulirudisha. Lililobaki mikononi mwangu lilikuwa lile jingine tu, la kuchapisha au kutochapisha.

Sikungoja usiku ufike, kwa sababu najijua. Mama alipokuwa anapasha chakula cha kufungulia, nilikaa mezani nikamwandikia mhariri kwamba naiondoa riwaya, kwamba sababu ya mauaji aliyoipenda ni ya mtu mwingine na haikuwa yangu kuitoa, na kwamba naomba mswada urudishwe. Nilimshukuru. Barua yote iliishia mistari sita.

"Mama, lile jambo la mama mdogo nililisikia siku ile nikiwa jikoni," nikasema.

Mama hakugeuka kutoka kwenye jiko. "Sasa utafanya nini?"

"Nimeshafanya."

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, nilipanga foleni posta karibu na ofisi. Karani alipima bahasha, akabandika stempu, akauliza kama ningependa kuongeza kitu. Nilisema hapana. Akaitupa kwenye mfuko wa barua za nje ya nchi, nami nikarudi kazini.