Ana Hesabu

Ukitaka kujua kama majirani wanakupenda, funga mlango mchana ukae ndani. Mimi nilifunga wangu ili nisome hesabu, na mpaka leo nikikumbuka nachoka.

Hapa Kirushya mlango wa nyumba yenye mtu haufungwi mchana. Ukienda shamba unatia kufuli, watu wanaliona, wanapita. Ukiwepo unaacha wazi, kuku waingie, mbuzi wachungulie, na mpita njia akusalimu hata kama hamna la kuambiana. Mlango uliofungwa bila kufuli maana yake ni moja tu: aliye ndani anaumwa, na huenda anaumwa sana. Nilijua hilo. Nilizaliwa Nyakahura na huku nimeolewa, lakini si mgeni kiasi hicho. Nilidhani tu kwamba mtu akisema anasoma, ataeleweka.

Nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa maarifa. Huo ni mtihani wa watu wazima ambao hawakumaliza sekondari. Ukifaulu unaruhusiwa kuendelea hadi kidato cha nne, ukifeli unarudi ulikotoka. Mimi niliachishwa shule kidato cha pili. Nyumbani uwezo ulikuwa wa kusomesha mtoto mmoja, mimi au kaka yangu, na wazazi wangu hawakupoteza hata jioni moja kubishana. Kaka akasoma, mwaka uliofuata akaacha mwenyewe, siku hizi anauza ng'ombe na wala hana habari. Hasira yote nimebaki nayo mimi. Basi, nikiwa na watoto watatu, nilijiandikisha, nikaapa kwamba safari hii hakuna atakayenitoa kwenye kitabu. Sikujua kwamba watakuja kunitoa wamebeba uji.

Wa kwanza alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Alipiga hodi kwa sauti ya chini, ile ya msibani, nami nikafungua na kalamu mkononi.

"Pore sana, mama," akasema. "Tumeona mlango."

"Siumwi, mama. Nasoma."

Alinitazama kwa huruma. "Kichwa kinauma?"

"Hakiumi."

"Kitauma," akasema, akaketi.

Mtu akishaketi utamfanyaje? Nikachochea moto, nikachemsha chai, tukaongea habari za maharage mpaka watoto wangu wakarudi kutoka shule. Kesho yake walikuja wanawake wawili na mkungu wa ndizi. Keshokutwa yake ikaja jumuiya nzima ya kanisani, wakaniombea, mikono yote juu ya kichwa changu, kwa kuwa ndicho kiungo walichokubaliana kwamba ndicho kilichoharibika. Nilikuwa naomba pia, ila mimi nilimwomba Mungu waondoke. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuwa mzima wa afya, na kila mgeni aliyekuja aliniacha na homa.

Na huwezi kumfukuza mtu aliyekuletea chakula. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Wangekuwa wanakuja kunisema, ningewajibu, ulimi ninao. Lakini utamgombezaje mtu aliyetwanga unga wake mwenyewe akauleta kichwani? Nilimpigia simu mume wangu, ambaye kazi yake iko Biharamulo mjini na masomo yangu aliyaunga mkono kutoka hukohuko. "Waache waje," akasema, "wanakupenda." Nikamkatia.

Aliyezidisha mambo ni mama mkwe. Nyumba yake na yangu ziko ua mmoja. Alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia kwenye kulima, na shule hajawahi kuingia; kanisani anashika kitabu cha nyimbo kama wengine, lakini anaimba kwa kukariri. Wageni walipokuja, yeye ndiye aliyewatandikia mkeka uani na kuwapa taarifa za mgonjwa.

"Mukazana wangu ana hesabu," nilimsikia akiwaambia, vilevile mtu anavyosema mkwe wake ana malaria. "Zimempata tangu mwezi uliopita."

"Yemwe! Na dawa?"

"Anasema dawa yake ni mtihani."

Nilikuwa ndani, nimeziba masikio, nasoma sentensi moja mara ya tano. Nilitaka kulia, nikacheka, kisha nikalia kweli. Mtihani ulikuwa unakaribia na pembetatu sijaimaliza.

Ndipo nikakumbuka jembe. Huku mtu mwenye jembe hapewi pole na mtu yeyote. Anasalimiwa kwa mbali na kuachwa. Kuanzia siku hiyo nilitia kufuli mlangoni, nikaficha vitabu kwenye mfuko wa mbolea, nikaenda migombani. Nilikaa chini, jembe nimelisimika pembeni mahali pa kuonekana. Watu walipita wakisema kazi njema, nami nikaitikia asante bila kuinua kichwa. Kwa wiki hizo nilisoma kuliko miezi yote iliyotangulia.

Magugu nayo hayakulala. Yaliota mpaka maharage yakawa hayaonekani, na siku moja mama mkwe akaja kuona mukazana wake analima nini kila siku. Alinikuta kitabu magotini.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba." Akayatazama magugu, akakitazama kitabu. "Ndizo hizo?"

"Ndizo hizo."

"Kumbe hulimi."

"Silimi, mama."

Nilisubiri matusi. Akang'oa jembe, akakaza kanga kiunoni. "Watu wasiposikia jembe watakuja kutazama," akasema, akaanza kulima.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo nilisoma kwa amani. Hapana. Alilima kila siku, na kila siku aliuliza. Umefika wapi? Soma kwa sauti, nami nisikie. Nikamsomea kwamba pembe mbili zimetolewa na inatafutwa ya tatu.

"Kama wanaitaka, si waipime?"

"Hawataki ipimwe, mama. Wanataka itafutwe."

"Sasa wanamsumbua nani?"

Wananisumbua mimi, nikamjibu, na wewe unawasaidia. Akacheka sana, akaendelea kulima, na mstari uliofuata akauliza tena.

Nilifaulu. Hesabu zilipita kwa kujikokota, lakini zilipita. Nilimkimbilia mama mkwe jikoni na simu yenye matokeo, nikamwambia nimeruhusiwa kuendelea, sirudi nilikotoka. Aliweka mwiko chini akanishika mikono yote miwili.

"Umepona," akasema.

Siku chache baadaye nilikuwa natoka sokoni mchana nikamwona yule jirani wa ng'ambo akiingia uani kwetu kwa haraka, bakuli la uji mkononi. Nikatazama anakoelekea. Mlango wa mama mkwe ulikuwa umefungwa, na kufuli halikuwepo.

Nilitupa kapu nikakimbia. Nilimpita jirani, nikapiga hodi, kimya. Nikasukuma.

Alikuwa ameketi kitandani upande wa dirisha, kitabu cha darasa la kwanza cha mtoto wangu mdogo mapajani, kidole chini ya neno, midomo ikicheza. Hakuinua hata macho.

"Funga mlango," akasema kwa ukali. "Watu wa huku hawamwachi mtu."

Nikaurudisha mlango taratibu. Jirani alikuwa amesimama na bakuli lake, macho yamemtoka.

"Anaumwa nini?"

"Ana herufi," nikamwambia. "Zimempata leo."

Alitaka kuketi pale pale kizingitini. Nikampokea bakuli, nikamshika mkono nikamvuta kwangu nimchemshie chai, asije akagonga.